Maji ya susoli zetu yapewe njia isiyongoja umeme

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu barua ya msomaji wa Ibanda ambaye susoli yake, yaani vyumba vya chini ya nyumba, ilijaa maji usiku wa mvua kwa sababu umeme ulikatika na pampu ikasimama. Anadai kwamba nyumba zenye pampu chini ya ardhi ziwekwe kwenye laini isiyoguswa na delestaji, yaani mgawo wa umeme. Nampa pole kwa hasara yake, na sina ugomvi na anayedai umeme, kwani hata mimi naudai. Lakini mimi ni fundi wa umeme na pampu, nakaa Kadutu, na kuanzia Septemba hadi Mei sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuitwa kwenye nyumba kama yake, mara nyingi godoro likiwa tayari linaelea. Naomba nafasi niwaambie wenye nyumba wa Bukavu jambo moja: maji ya chini ya nyumba yapewe kwanza njia ya kutoka isiyohitaji umeme wowote. Pampu ije baadaye, na ikija, ije na batri yake.

Watu husema ni bahati mbaya umeme ukikatika wakati wa mvua. Hakuna bahati hapo. Upepo na radi vinapiga nyaya, nguzo zilizosimama kwenye miteremko zinalegea udongo ukilowa, na fundi wa laini hawezi kupanda nguzo katikati ya ngurumo. Halafu kuna takataka. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa kwenye kanivo, mifereji ya kando ya barabara, inasukumwa na mvua hadi mto Kawa, Kawa inaimwaga katika ziwa Kivu, na maji ya ziwa yanaivuta mpaka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, kwenye bwawa la kwanza la umeme. Kila aliyepita pale ameona zulia la chupa mbele ya bwawa, na vijana wanaolitoa kwa mikono na majahazi. Plastiki ikipenya hadi kwenye mitambo, mashine inasimamishwa isafishwe. Na bwawa lenyewe ni la zamani: Ruzizi ya kwanza inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950 na uwezo wake hauzidi megawati 30. Ruzizi ya pili ilianza 1989, ina karibu megawati 44, na tunaigawana na Rwanda na Burundi. Mji umepanda vilima vyote tangu wakati huo. Kwa hiyo hata SNEL, kampuni ya umeme, ikiwa na nia njema kuliko watu wote duniani, pampu inayotegemea laini peke yake italala saa ile ile unapoihitaji.

Kuna jambo ambalo msomaji wenu hakulitaja, nalo kwa ninavyoona limeua pampu nyingi kuliko kukatika kwenyewe: umeme dhaifu. Pampu imetengenezwa kwa volti 220. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko, kipimo changu kinasoma 160, na siku nyingine chini ya hapo. Mota ikipewa volti chache namna hiyo haipunguzi nguvu tu. Inavuta amperi nyingi zaidi ili ibebe mzigo ule ule, na joto linapanda ndani yake. Mara nyingine inashindwa hata kuanza: inanguruma ndani ya shimo bila kuzunguka, na mwenye nyumba, akiisikia kutoka kitandani, anageuka na kulala akijua kazi inaendelea. Asubuhi naitwa. Nikifungua mfuniko, nyaya za shaba zilizokuwa na rangi ya asali zimekuwa nyeusi, na harufu ya rangi iliyoungua inajaa chumba. Dawa yake ipo na si ghali kama pampu mpya: kifaa cha kulinda volti, kinachokata umeme ukishuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache ukirudi, kabla ya kuuruhusu tena. Yeyote mwenye pampu kwenye laini yetu asiiunganishe bila hicho.

Sasa nije kwenye neno langu lenyewe.

Nyumba zetu nyingi zenye susoli zimechimbiwa mlimani. Upande wa juu ukuta umezikwa kwenye udongo mwekundu, upande wa chini mlango unatazama ziwa au bonde. Maana yake, sakafu ile ile iliyo chini ya ardhi kwa nyuma iko juu ya ardhi kwa mbele. Nyumba iliyojengwa kwenye tambarare haina nafasi hiyo. Maji yakiingia chini yake hayana pa kushukia, ni lazima yainuliwe, na ndiyo sababu kule Marekani pampu ya namna hii ni kifaa cha kawaida katika nyumba nyingi. Sisi mlima umetupa mteremko bure. Maji hufuata mkondo, wazee wetu walisema, lakini tunayafungia mkondo kwa ukuta, kisha tunanunua mashine ya kuyabeba.

Nitatoa mfano wa mama mmoja mjane wa Muhumba, ambaye ameniruhusu kuusimulia bila kumtaja. Vyumba vya susoli yake amewapangisha wanafunzi, na kodi hiyo ndiyo inayomlisha. Aliniita nimfungie pampu mpya baada ya nyingine kuungua. Kabla ya kufungua mkoba wangu nilimwomba tuzunguke nyumba. Kwa nyuma, mlima umesimama hatua mbili tu kutoka ukutani, na maji ya nusu ya paa yanaanguka hapo hapo kwa sababu mfereji wa bati umeoza. Kwa mbele kuna bustani yake ya maua. Nikachukua tiyo (bomba) nyembamba inayoonyesha ndani, ile waashi wanayojaza maji ili kupima usawa, nikashika ncha moja kwenye sakafu ya susoli, kijana wangu akashuka bustanini na ncha ya pili. Bustani ilikuwa chini ya sakafu kwa zaidi ya mita moja. Mama akatazama, akasema, “Mwanangu, mafundi wote waliopita hapa, hakuna aliyeshuka mpaka kwenye maua.”

Kazi tuliyofanya ni hii, na naieleza kwa marefu ili msomaji asidanganywe na anayetaka kumuuzia mashine. Kwanza mifereji ya paa, yote mipya. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu kwetu, linamwaga lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Maji hayo yakielekezwa kwenye tangi, mama anafulia na kuoshea vyombo siku ambazo robine za REGIDESO, kampuni ya maji, zimekauka, na ukuta wa nyuma unapata nafuu ya kwanza. Kisha, wakati wa kiangazi, tukachimba mtaro nje nyuma ya ukuta, kipande kwa kipande, kamwe si wote kwa siku moja, maana ukuta uliozoea kuegemewa na mlima usiachwe wazi wote kwa pamoja. Mtaro hatukuushusha kupita mwisho wa msingi. Anayechimba chini ya msingi anaiangusha nyumba. Tukapaka ukuta lami, tukalaza changarawe, juu yake tiyo ya plastiki ya milimita 100 yenye matundu yaliyogeuzwa chini, tukaifunika tena changarawe na kuizungushia kitambaa kisichooza. Kitambaa hicho ndicho wengi wanachokiruka ili wapunguze bei. Udongo wetu ni mfinyanzi laini. Bila kitambaa, misimu michache tu na matundu yote yamezibwa. Tiyo ikazunguka pembe ya nyumba ikishuka angalau sentimita moja kwa kila mita, ikatokea upande wa chini.

Mvua za mwanzo zilipokuja, umeme ulikatika kama kawaida. Tiyo iliendelea kutoa maji usiku kucha, na hakuna mwanafunzi aliyeamka kubeba godoro. Pampu hatukuitupa. Iko ndani ya shimo lake kwa ajili ya mvua isiyo ya kawaida, na kwa sasa inakaa kavu wiki nyingi.

Lakini tiyo hiyo lazima iishie mahali, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu mimi ni mtu wa Kadutu na najua maana ya kukaa chini ya mtu mwingine. Nimeona matajiri wakitoboa ukuta wa kiwanja na kuacha maji yao yaruke moja kwa moja kwenye uwanja wa jirani wa chini. Susoli ya juu inakauka, na kwa jirani wa chini ukuta wa udongo unaanza kuliwa kidogo kidogo, kisha ufa, kisha korongo. Wanaokaa Funu wanajua ardhi iliyoshiba maji inafanya nini: inatembea na nyumba juu yake. Maji ya susoli yako yapelekwe kwenye kanivo ya avenyu, ndani ya tiyo iliyofungwa mpaka mwisho au kwenye ngazi za mawe zinazoyapunguzia mbio. Ikibidi yapite kwa jirani, mkae naye, mkubaliane mbele ya shefu wa avenyu, na gharama ya tiyo ni yako uliye juu. Kanivo nayo izibuliwe. Siku ya salongo, ile ya usafi wa pamoja, tunafagia barabara ili ionekane safi, na takataka tunazisukuma ndani ya kanivo hiyo hiyo. Kufanya hivyo ni kuzirudisha ndani ya nyumba zetu, na zinazobaki tunazipeleka Ruzizi.

Najua kuna nyumba ambazo haya yote hayatoshi. Kule Nguba karibu na ziwa, au mahali ambapo barabara iliinuliwa ikaacha sakafu chini ya kanivo, maji hayana pa kushukia na pampu ni lazima. Basi iwekwe kwa akili. Shimo liwe na kina cha kutosha, pipa la plastiki lenye matundu likae ndani na changarawe pembeni, na pampu ikae juu ya tofali, isikae kwenye tope. Boya linaloiwasha liwe na nafasi ya kupanda na kushuka bila kugusa ukuta. Mara nyingi pampu nzima, yenye afya kabisa, nimeikuta imekaa kimya ndani ya maji kwa sababu boya limenasa kwenye mfuko wa plastiki au kamba ya kandambili. Juu ya pampu pafungwe klapeti, yaani valvu ya njia moja, ili maji yaliyo ndani ya tiyo yasirudi shimoni kila inapozima na kuilazimisha kuyabeba mara ya pili.

Batri sasa, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa. Chukua pampu ndogo ya wati 400. Batri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini batri ya risasi, ile ya asidi kama ya gari, ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema. Basi hesabu 600. Onduleri, kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa laini, inakula sehemu yake, tuseme zinabaki 500. Pampu ikizunguka mfululizo, umepata saa moja na robo, na mwuzaji aliyekuahidi usiku mzima hutamwona tena. Lakini pampu iliyo kwenye shimo zuri haizunguki mfululizo. Inaamka shimo likijaa, inatoa, inalala. Ikifanya dakika 6 katika kila saa, inakula wati-saa 40, na batri ile ile inakufikisha saa 12. Tofauti kati ya saa moja na saa 12 haitoki kwenye batri, inatoka kwenye wingi wa maji yanayofika shimoni. Ndiyo maana hata mtu wa Nguba namwambia aanze na mifereji ya paa na mtaro wa nyuma. Onduleri nayo isinunuliwe ya wati 500 kwa sababu pampu ni ya 400: mota inapoanza inataka mara tatu ya hapo au zaidi kwa sekunde moja, na onduleri ndogo inajizima hapo hapo.

Wapo wavuvi na wenye maboti hapa ziwani wanaotumia pampu ndogo za volti 12 kutoa maji kwenye chombo. Hizo hazihitaji onduleri, zinaunganishwa na batri moja kwa moja, na zinavuta amperi chache. Haziinui maji juu sana, lakini kwa susoli ambayo maji yanahitaji kupanda mita moja au mbili tu ni msaidizi mzuri, na mimi nazifunga mara kwa mara juu kidogo ya pampu kubwa, ili ile kubwa ikishindwa ndipo ndogo iamke. Anayechaji batri kwa jua akumbuke kwamba siku ya mvua paneli haileti kitu cha maana. Batri iwe imejaa kabla wingu halijafika. Na ikae kwenye rafu juu, mahali penye hewa, kwa sababu batri ya risasi ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Hapa naomba kila mtu asome polepole. Nimeitwa kwenye nyumba ambako jenereta imeshushwa kwenye ngazi za susoli ili isiibiwe na isilowe, mlango umerudishwa, na watoto wamelala chumba cha pili. Moshi wa jenereta una gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaleta kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na anayelala kwenye usingizi huo anaweza asiamke tena. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje kabisa, mita 6 hivi kutoka kwenye mlango na madirisha, moshi ukielekea mbali na nyumba, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, na ifungwe kwa mnyororo kama ni wezi wanaoogopwa. Nilikataa kuunganisha waya mpaka jenereta ile ipandishwe, mwenye nyumba akakasirika na kuniambia kuna mafundi wengine. Ni kweli wapo, na hao nao nawaomba wakatae.

Vilevile, maji yakiwa yamefika kwenye prizi (soketi) au waya wa pampu, mtu asishuke. Umeme uliokatika unarudi bila kupiga hodi. Zima disjonkta, yaani swichi kuu, ya nyumba nzima kwanza, nawe ukiwa umesimama pakavu. Kama disjonkta yenyewe iko susoli, basi subiri nje na umwite fundi. Na wakati wa kiangazi ihamishiwe juu.

Wenye nyumba wengi watasema kazi ya mtaro ni ghali. Ni ghali, sikatai. Changarawe na tiyo zinanunuliwa kwa dola na mkono wa kuchimba unalipwa. Lakini hao hao wamenunua pampu mara mbili na tatu, wamelipa mafuta ya jenereta msimu baada ya msimu, na wamekuwa wakirushiana maneno na wapangaji kila Novemba. Na mzigo huu ni wa mwenye nyumba, si wa mpangaji. Mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba hawezi kuambiwa achange batri ili asizame. Kwa maoni yangu, susoli ambayo maji yake hayana njia ya kutoka bila umeme isipangishwe kwa kulala. Iwekwe makaa, iwekwe mbao, ziwekwe chupa tupu za bia. Watu walale juu.

Ninalo ombi pia kwa ofisi za mji zinazopitisha ramani za ujenzi. Leo vilima vinachimbwa kila wiki, na ghorofa zenye magari chini na maduka juu zinapanda hadi Nyawera. Mwenye kiwanja anaulizwa karatasi za ardhi na idadi ya ghorofa. Aulizwe pia maji ya nyuma ya ukuta yanatokea wapi, kwa kipimo gani, na yanaingia kanivo ipi. Ramani isiyoonyesha tiyo hiyo irudishwe bila muhuri, na kabla ukuta wa nyuma haujafunikwa udongo, mtu wa ofisi aje na tiyo ya maji apime mwenyewe. Kuufunika ni siku moja. Kuufunua tena, nyumba ikiwa juu yake, ni kazi ya miezi.

Fundi wa umeme na pampu,
Kadutu, Bukavu